Pikipiki ya Etyang kwenye Daraja la Malaba

Vijana wa chumba cha sauti, mliniomba niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nimestaafu juzi tu. Bado nikisikia gari la maziwa likipita hapa Chakol mkono wangu unatafuta kitufe cha kupunguza sauti, kwa hivyo kusahau si leo. Habari za nani alipandishwa cheo na nani alirukwa sitazigusa, maana hizo mnazijua na mnazisimulia kunishinda. Nitawajibu lile swali mnaloniuliza kila mara tukinywa chai: kwa nini kipindi chetu cha safari ya pikipiki kwenda Kampala hakikufika Kampala, na kwa nini kinaishia kwa ubavu wa lori.

Lakini lazima nianze na Mzee Kizito, la sivyo hamtaelewa kitu.

Siku yangu ya kwanza kwenye kipindi cha magari nilipewa hedifoni zilizofungwa kwa utepe mweusi, na fimbo ya maikrofoni iliyonipita urefu. Wote walikuwa na haraka, hakuna aliyenisalimia. Mzee Kizito ndiye aliyekuwa mwongozaji, na kamera kubwa aliishika mwenyewe kwa sababu hakumwamini mtu mwingine nayo. Alikuwa mtu wa Butula, mrefu, mwenye maneno machache na kofia moja ya kitambaa aliyoivaa miaka yote niliyomjua. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Chakol. "Basi wewe ni mtu wa nyumbani," akasema. "Sasa nyamaza."

Nilidhani amenitukana. Kumbe alikuwa ananifundisha kazi. Alitaka nirekodi kimya cha ile karakana tuliyokuwa tukipiga picha. Wote walisimama tuli, mafundi na spana zao mkononi, nami nikarekodi hiyo hewa tupu. Mhariri huitumia kuzibia nyufa kati ya maneno. Kimya cha karakana kina feni na bati linalopanuka kwa jua, na ukikosea ukaweka kimya cha hoteli, mtazamaji hatajua kilichomuudhi, lakini ataudhika. Tangu siku hiyo sijaondoka mahali popote pa kazi bila kuchukua kimya cha pale. Nyinyi siku hizi mnasema kompyuta itatengeneza. Haya.

Mambo mengine aliyonifundisha ni madogo, na ndiyo yaliyonilisha. Ukitaka sauti nzuri ya pikipiki, usiweke maikrofoni karibu na ekzosi. Ifiche chini ya kiti, ndani ya soksi ya sufu ya mtoto. Soksi ya mtu mzima ni pana mno, halafu inanuka. Lile dude la manyoya la kuzuia upepo, ambalo sisi tuliliita paka, lioshe kwa sabuni ya nywele na usilianike karibu na mbwa. Hilo la mbwa nililigundua mwenyewe.

Mzee alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na ugonjwa wenyewe ulikuwa neno: tena. Hakuwahi kuridhika na picha ya kwanza. Gari likipita vizuri, mtangazaji akisema vizuri, jua likiwa mahali pake, Mzee angetoa jicho kwenye kamera, akune kidevu, aseme, "Tena." Kuna mkulima wa Molo aliyetufungulia lango mara nyingi mno hata ng'ombe wake wakaona leo ni siku ya kutoka, wakatoka. Tuliwafukuza shamba zima mpaka barabarani. Mzee alitupiga picha tukiwafukuza, na tulipowarudisha, mnajua alisema nini.

Tulimlalamikia, tulimwigiza akiwa hayupo, na tulimpenda. Nalisema wazi kwa sababu sasa hayupo kulisikia, na angelisikia angeona haya.

Sasa safari. Wakubwa wa kituo waliona vipindi vya magari vya nchi nyingine vikivuka majangwa na milima, nao wakataka chetu kivuke kitu. Bajeti ikatosha Uganda. Mtangazaji wetu, Mwende, msichana wa Nairobi asiyeogopa kitu isipokuwa buibui, angeendesha pikipiki kutoka Nairobi mpaka Kampala, na sisi tungemfuata na gari la kamera. Alipewa pikipiki kubwa ya kuazima, nyeusi, inayong'aa mpaka unaweza kuchana nywele mbele yake. Ilimbeba vizuri njia nzima. Ikafika Malaba, kwenye foleni ya malori, ikazima.

Mnaoijua Malaba mnajua kwamba ukizima pale huwi peke yako. Kabla Mwende hajavua helmeti, vijana wa boda walikuwa wametuzunguka, kila mmoja na maoni yake. Mmoja wao alikuwa amechutama pembeni, kimya, anasikiliza injini kila Mwende alipojaribu kuiwasha. Nilimpenda kwa hilo. Ndiye Etyang.

"Boss," alimwambia Mzee mwishoni, "hii ni ya kuonyesha watu. Ya kazi ni hii hapa." Akapiga kiti cha pikipiki yake, nyekundu, ile ya kawaida inayobeba ndizi na wagonjwa na magodoro kote Teso.

Mwende akacheka. Halafu akaacha kucheka, akamwangalia Mzee. Mzee akakuna kidevu. Kwenda Kampala na boda boda ya Malaba! Hakuna kipindi cha nchi yoyote kilichofanya hivyo. Nilimsalimu Etyang kwa Kiteso, yoga, naye akafurahi kupata mtu wa lugha yake katikati ya watu wa Nairobi, akaniambia shida yake yote.

"Mama, leo ni Jumatano. Jumamosi naenda Tororo kuchukua bibi yangu, Athieno. Vijana wote wa steji wananisindikiza, pikipiki zote na majani, na yangu inakuwa mbele. Sasa ndugu zake wamesema hivi: hawatoi dada yao kwa mtu wa pikipiki ya kuomba. Wanataka kuniona na yangu, ile ile wanaijua. Nikikuja na ya mtu, wanafunga mlango."

"Basi usitupe," nikamwambia. "Sisi tutatafuta nyingine."

"Lakini Athieno anapenda hiyo kipindi yenu sana," akasema, na uso wote ukamwangaza. "Akiona yangu kwa TV! Nyinyi mnirudishie Ijumaa jioni. Mnaweza?"

Mzee alimpa mkono. "Ijumaa jioni," akasema. Nilikuwa hapo, na Mzee hakuwa mtu wa kutoa mkono ovyo.

Tulifanya kila kitu kwa utaratibu, na hapo ndipo msiba ulipoanzia. Wenyeji wa mpakani huvuka na shughuli zao ndogo kwa njia nyepesi, lakini pikipiki inayokwenda mpaka Kampala lazima iwe na karatasi zake. Etyang alileta logibuku, ile hati ya umiliki, karatasi zikajazwa. Siku hizi pale Malaba ukitoka Kenya unavuka daraja kwanza, na mambo yote ya kutoka na kuingia unayamalizia upande wa Uganda. Kwa hiyo Mzee akasimika kamera mwisho wa daraja upande ule, mimi nikasimama kando yake na fimbo na paka wangu, na Mwende akaja na pikipiki nyekundu, ametabasamu, ameinua mkono mmoja. Akaingia ofisini. Mihuri ikagongwa. Pikipiki imetoka Kenya, pikipiki imeingia Uganda.

Mzee akarudisha picha nyuma akaitazama. Lori la saruji lilikuwa limeingia mbele ya Mwende wakati ule ule anapoinua mkono.

"Tena," akasema.

Mwende akageuza pikipiki, akavuka daraja kurudi Kenya, akageuka, akaja. Mara hii picha ilikuwa nzuri, ila mbadilisha pesa mmoja aliipungia kamera mkono kwa noti kama anafukuza nzi.

"Tena."

Watu wa kazi nyingine wangesimama hapo. Mwalimu angesimama, dereva wa lori angesimama kitambo. Sisi tulikuwa tumezoea kurudia barabara mpaka ikawa kwetu barabara ni kitu cha kurudiwa, na daraja la mpakani tuliliona kama lango la yule mkulima wa Molo. Mwende alirudi Kenya mara ya pili, aanze picha ya tatu. Pale upande wa Kenya, afisa mmoja akainua mkono, akamsimamisha. Jina lake Afisa Nafula, mama mwenye sauti ya kujaza kanisa zima.

Mimi niliyasikia yote kwenye hedifoni, kwa sababu Mwende alikuwa na maikrofoni kifuani.

"Simama hapo, dada. Pikipiki inatoka wapi?"

"Uganda. Yaani, Kenya. Natoka huko, lakini nilikuwa huku."

"Nipe karatasi." Karatasi zikachakarika. "Karatasi inasema hii pikipiki iko Uganda. Macho yangu inasema iko Kenya. Nani anadanganya?"

"Madam, tunarudia tu picha."

"Mnarudia picha na mpaka wa nchi mbili?"

Alikuwa na haki, na sitaki mtu asome hapa aone kama namlaumu. Pikipiki ikaingizwa uani, nyuma ya wavu wa chuma, kati ya lori lililopasuka tairi na rundo la magunia. Tukaambiwa jambo lile si la kuamuliwa pale dirishani, litapelekwa Busia kwa mkubwa wake, na huenda likachukua wiki.

Etyang alipokuja hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alishika ule wavu kwa vidole, akaangalia pikipiki yake.

"Mama," akaniambia, "mlisema mnaenda Kampala. Hata daraja hamjamaliza." Akatikisa kichwa. "Mimi huvuka hapa kila siku na ndizi, hakuna mtu ananijua. Nyinyi asubuhi moja tu, mmeandikwa."

Halafu akakaa chini kando ya wavu, mahali anapoweza kuiona. Wenzake wa steji wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akimwambia achukue yake, ni mpya zaidi, ina redio. Akakataa kila mmoja kwa heshima. Ndugu za Athieno walijua pikipiki yake mpaka mkwaruzo wa tangi. Niliona macho yake yamejaa maji, nikaenda kujifanya nakunja nyaya.

Alhamisi yote tulikuwa Busia. Mzee na mimi tulikaa kwenye benchi la mbao pamoja na mawakala wa mizigo waliotuonea huruma ya kitaalamu. Nje malori yalinguruma, na kwa mazoea nilirekodi kimya cha lile benchi, ambacho hakikuwa kimya hata kidogo. Mkubwa wa pale alitusikiliza vizuri, akatuuliza kama sisi ni watu wazima, kisha akasema kwamba Afisa Nafula ndiye aliyeona kwa macho yake. Akiridhika yeye kwamba pikipiki haikufanya safari ya kificho, atafunga jambo hilo huko huko.

Tuliporudi, gari likipita hapa hapa Chakol, Mzee akasema, "Dada, nilimpa yule kijana mkono wangu."

Ijumaa asubuhi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mnajua Mzee hakumwonyesha mtu picha ambazo hazijakatwa. Mkurugenzi wa kituo aliwahi kuziomba akanyimwa. Siku hiyo alifungua mlango wa nyuma wa gari la kamera, akaweka sanduku la betri liwe kiti, akamwita Afisa Nafula kwa adabu, "Karibu, mama, uone." Jua lilipiga kioo mpaka hakuna kilichoonekana, kwa hiyo Mzee akavua kofia yake na kukifunika kwa juu ili apate kivuli. Sikuwa nimewahi kuona kichwa chake. Kilikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyofikiri.

Afisa Nafula akatazama Mwende akivuka mara ya kwanza, na lori la saruji. Akatazama ya pili, na mbadilisha pesa. Akatazama mwanzo wa ile ya tatu. Akasema, "Rudisha." Mzee akarudisha. Mama muuza ndizi aliyekaa kando ya daraja alikuwa amemenya ndizi katika picha ya kwanza. Katika ya pili alikuwa anaila. Katika ya tatu alikuwa bado anatafuna, na Etyang mwenyewe yuko nyuma yake, amekunja mikono, anacheka kwa furaha anavyoiona pikipiki yake ikipigwa picha.

"Na huyu nani?" Afisa Nafula akauliza, akigusa kona ya kioo. Alikuwa ni yeye, amesimama kivulini na hindi la kuchoma mkononi, anatazama Mwende akipita.

Kicheko kikamponyoka, akakifuta mdomoni kwa kiganja.

"Hii pikipiki haijaenda mahali," akasema. "Hata ndizi haijaisha." Akasimama, akapangusa sketi. "Sikiza, mzee. Inarudi Uganda leo na karatasi zake, inafungwa kule, halafu inaingia Kenya kama mgeni, kwa mlango. Mara moja. Nikisikia hilo neno lenu, nawaweka nyinyi kwa hiyo yadi na magunia."

Etyang aliivusha mwenyewe. Mzee alikuwa ameacha kamera garini, amefunga mlango, ufunguo ameutia mfukoni. Nilimwona anaushikashika. Ijumaa jioni, kama alivyoahidi, alimpa Etyang mkono kwa mara ya pili, na pikipiki ilikuwa kando yao upande wa Kenya. Etyang akatuambia eyalama, yaani asante, na kwa vile tulikuwa tumekosa Kampala, angalau tusikose harusi.

Jumamosi tulisimama mwisho wa daraja upande wa Kenya. Mwende alikuwa amejifunga leso ya kuazima. Tulisikia kabla ya kuona: honi za boda kutoka ng'ambo, nyingi, hazifuatani, na vigelegele juu yake. Nikainua fimbo. Mzee akainama kwenye kamera. Wakatokea, matawi ya majani yamefungwa kwenye mataa, na mbele kabisa ile nyekundu, Etyang na suti iliyomzidi mabega, na nyuma yake Athieno ameketi upande na gomesi yake, lile gauni refu la Uganda, inayopepea. Nyuma yao, ndugu zake wawili wamebebwa kwenye pikipiki moja na wanaonekana wameridhika na dunia.

Wakati wanafika katikati ya daraja, lori likaingia.

Sijui lilitokea wapi. Refu, la kijivu, lenye turubai, likajiweka kati ya kamera na harusi na kutambaa nayo taratibu, na kila kitu tulichokuwa tumekingoja kikapita nyuma yake. Hapo ndipo kipindi chetu kinapoishia, na huo ndio ubavu wa lori mnaouona. Watazamaji walipiga simu kituoni wakidhani televisheni zao zimekwama. Lakini walisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu sauti ilikuwa nzuri. Mimi nilikuwa na yote: honi, vigelegele, ndugu za bi harusi wakiimba wimbo wasioujua vizuri, Afisa Nafula akipaza sauti, "Pita! Pita, Etyang! Usisimame!" na juu ya yote kicheko cha Athieno, karibu kabisa.

Lori likaondoka. Pikipiki nyekundu ilikuwa tayari imeshafika kwetu. Mwende alifumba macho. Mzee akatoa jicho kwenye kamera, akakuna kidevu, na sote tuliomfahamu tukalisubiri lile neno, kwa sababu halikuwahi kukosa kuja.

Etyang akasimama. Naye alikuwa ametujua kwa siku zile chache, na aliona sura zetu. Alitazama lori likienda, akatazama kamera, na mabega yake yakalegea ndani ya ile suti. Athieno akainama mbele kumwangalia Mzee. Aliniuma moyo kwa jinsi alivyokuwa mwepesi, yuko tayari kabisa.

"Mzee," Athieno akauliza, "lori imetuziba? Turudi huko tuvuke tena?"

Mzee Kizito akavua kofia. Alitazama daraja, akamtazama Etyang, akaitazama ile pikipiki na mkwaruzo wake wa tangi. Kisha akanyoosha mkono, akaizima kamera.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Mmeshavuka. Nendeni nyumbani."